Maua ya Mlima Mwingine

Jumatatu, 3 Juni

Uji wa Yaya, dada yangu mkubwa, bila sukari, kama muuguzi alivyosema. Amekunywa nusu. Miguu imevimba kuliko jana. Nimemwegemeza kwenye mito ili apate pumzi, nikafungua dirisha la upande wa ziwa. Upepo haukuja. Liliingia joto tu.

Ameuliza tena habari ya mto wake. Si huu wa sponji. Mto wa kuzikiwa.

Kwetu juu mzee hazikwi kichwa kikiwa mchangani. Anashonewa mto mdogo wa kitambaa, unajazwa maua makavu ya mlima alikozaliwa. Maua yale hukauka yangali kwenye shina, na hayanyauki. Ukiyachuma leo, miaka itapita na sura yake ni ileile. Mama yetu alilazwa juu ya mto huo. Baba pia. Babu, nimeambiwa, pia. Watu wetu waliofia huku chini walizikwa kwa haraka, tukikimbia, na hakuna aliyeuliza habari ya mto. Dada yangu anafia kitandani, polepole. Ana nafasi ya kuuliza.

Nimemwagiza Mama Zawadi, jirani yetu hapa Rugenge, mtaa wa Uvira. Anauza viazi sokoni, ana watu wanaomshushia mizigo kutoka milimani. Mimi siwezi kupanda. Umri hauniruhusu, wala wenye bunduki walioshika njia.

Jina la mlima wetu silitaji hata humu. Siku hizi ukitaja mlima wako umetaja wewe ni wa nani.

Alhamisi, 6 Juni

Hakuna kilichofika.

Muuguzi amekuja, amesikiliza kifua, amekunja vyombo vyake. Moyo umechoka, amesema. Hakuna la kuongeza. Nimemshukuru, sijui kwa nini.

Niandike maua yenyewe, nisije nikayasahau. Yanaota juu kabisa, mahali msitu unapokwisha na mianzi inapokwisha, kwenye majani mafupi na mawe. Kichaka hufika gotini. Jani ni pana, limefunikwa manyoya meupe pande zote mbili, laini. Ua ni dogo, jeupe, gumu kama karatasi. Likiwa bado halijafunguka ncha zake huwa na wekundu kidogo. Harufu ni ya asali iliyokaa karibu na moshi. Mlima wa kaskazini nao una maua ya namna hiyo, lakini ni ya njano na jani lake ni jembamba. Niliyaona zamani, nilipowapeleka wanafunzi kule kwa miguu. Kama ni mimea miwili au ni mmoja wenye sura mbili, sijui. Nilifundisha jiografia na biolojia miaka mingi na bado sijui. Wenye kujua zaidi yangu nao hubishana.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Nimetoka kabla ya matangazo. Furaha, binti yake Yaya, alibaki nyumbani kumwangalia mama yake. Nilipofika nilimkuta anakata kitambaa cheupe kwa ajili ya mto. Anashona vizuri. Yeye alizaliwa huku chini na mlima hajauona. Anashona kwa sababu mama yake ameomba.

Yaya amelala mchana kutwa. Pumzi yake inasikika hadi uani.

Naogopa atatangulia kabla ya gunia la maua kufika.

Jumanne, 11 Juni

Gunia limefika. Si yenyewe.

Mama Zawadi ameliingiza mwenyewe, amelibeba kichwani, anacheka kwa furaha. Nimelifungua. Njano. Njano tupu. Jani jembamba. Nimekaa chini.

"Mwalimu, mbona unakaa sawa muntu amepigwa?"

Nilimwuliza yametoka wapi. Akasema Luvungi, kwa mwenzake anayepokea vitu vya mlima wa kule. Njia ya upande wetu imefungwa, hakuna anayeshuka na mzigo.

"Miye nilikuambia ya kwetu," nilisema.

"Yote si iko inatoka kule juu? Viazi nauza, hakuna muntu ameshawahi kuniuliza kiazi ya mulima gani."

"Maua haya si ya kwetu, mama."

"Kwenu ni wapi sasa, Papa? Kwenu ni Rugenge. Kila mwaka unachanga ya matengenezo ya barabara na sisi."

Alisema kwa utani. Amehangaika kwa ajili yetu, amebembeleza madereva, amekataa nauli. Ningepaswa kucheka. Sikucheka. Akaondoka bila kuaga, na hilo nalo limeniuma.

Jumatano, 12 Juni

Furaha anasema tusimwambie. Macho ya mama yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, rangi haoni. "Mujomba, atajua namna gani? Wacha aende na moyo ikiwa imetulia."

Nimekubali. Namdharau anayekubali jambo la namna hii, na nimelikubali.

Furaha amejaza mto, ameshona mdomo wake kwa uzi mweupe. Unapendeza. Umekuwa mwepesi kama mkate.

Ijumaa, 14 Juni

Amejua.

Furaha alimpa mto asubuhi, baada ya kumwosha. Yaya akauweka tumboni, akaubonyeza, akaunusa. Kisha akapasua mshono kwa kucha, akatoa ua moja na jani lake, akalisugua jani kwa kidole gumba.

"Hii iko ya nani?"

Furaha akasema, "Ni yako, mama."

"Siulize muto. Ninauliza maua. Hii jani iko nyembamba sawa ndevu ya mbuzi. Ya kwetu iko na manyoya, sawa sikio ya mwana-kondoo. Mwalimu! Uko kimya kwa nini? Weye ukinyamaza ni kusema unajua."

Nikasema najua.

"Miaka yote ulipiga watoto juu ya kukopia. Leo weye mwenyewe unakopia maua."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamwinua kitandani, Furaha akamshika mabega. Alipopata pumzi akasukuma mto pembeni, taratibu, kama mtu anayemsogeza mtoto wa jirani.

Naona haya. Si haya ya uongo peke yake. Kwa saa chache nilitamani asiwe na akili zake.

Jumamosi, 15 Juni

Leo ameamka na nguvu kidogo. Ameniita nikae karibu. Anataka kujua kwa nini hayafanani. Milima ile miwili inaonana. Siku ya anga safi, mtoto akiwa juu ya mgongo wa mlima wetu anaona moshi wa jikoni wa kule. Sasa kwa nini?

Sijafundisha siku nyingi. Nilimweleza hivi, nikipumzika kila alipofumba macho.

Kulikuwa na zama za barafu. Barafu yenyewe haikutufikia. Ililala juu ya milima mirefu zaidi, kule Ruwenzori. Kwetu ilifika baridi yake, na ukame. Mvua ilipungua. Msitu ulisinyaa, ukabaki kwenye mabonde yenye maji. Hata ziwa hili lilishuka. Pengi penye mashua leo palikuwa nchi kavu. Mimea ya juu, iliyozoea baridi, ikapata nafasi ya kushuka. Ilishuka mteremko mzima. Maua ya mlima wetu na ya mlima wa kaskazini yakakutana katikati, kwenye nyasi, na nyuki mmoja akaweza kutembelea yote mawili kwa siku moja.

"Basi ilikuwa maua moja," alisema.

Labda. Au yalichanganyika mara nyingi, yakatengana mara nyingi. Maana baridi haikuja mara moja. Ilikuja, ikaenda, ikarudi. Mwisho joto likarejea pamoja na mvua. Msitu ukapanda. Maua hayawezi kuota kivulini, yakasukumwa juu, haya huku, yale kule, mpaka kila kundi likajikuta peke yake juu ya kilele chake, kama watu waliopanda juu ya paa maji yalipojaa uani. Mbegu zake zina manyoya, upepo unaweza kuzibeba. Lakini bonde la katikati ni pana, ni msitu, na mbegu ikianguka humo haioti. Kwa hiyo kila kundi likabaki na jamaa zake. Hapa jani likapata manyoya kidogo zaidi, kule likawa jembamba kidogo zaidi. Kidogo, na kidogo, maelfu ya miaka. Mpaka dole gumba la mwanamke mgonjwa linaweza kuyatofautisha.

Hilo la mwisho sikumwambia. Naliandika tu.

Akafumba macho nikadhani amelala. Kisha akauliza: wakati ule wa baridi, yalishuka mpaka huku Uvira?

Ningeweza kusema ndiyo. Furaha alikuwa mlangoni, ananitazama niseme ndiyo.

Nikasema hapana. Hayakufika huku. Baridi kali kuliko zote ilipokuja, yalishuka pengine nusu ya mteremko. Huku ziwani palikuwa na joto mno kwao hata wakati ule.

"Kumbe," alisema Yaya, "sisi tulishuka kupita maua."

Katika vitabu vyote nilivyosoma hilo halimo.

Jumatatu, 17 Juni

Anarudia swali hili. Baridi ikirudi, yatakutana tena? Nikamwambia pengine, baada ya miaka ambayo hatuna jina lake.

"Nitangoja," akasema. "Niko na kazi gani ingine?"

Pengine huu ndio utani wake wa mwisho nitakaousikia ukiwa mzima. Nauandika.

Sikumwambia kwamba sasa hakuna baridi inayorudi. Joto ndilo linalopanda. Mwanzi unapanda nalo, na maua yanapaswa kupanda zaidi. Lakini yetu yako kileleni tayari. Juu ya kilele kuna hewa tu.

Jumanne, 18 Juni

Amekataa chakula. Maji kijiko kwa kijiko.

Furaha amemwuliza mbele yangu, kwa upole: mto huu wa maua ya njano tumwekee au tusimwekee? Amekataa kwa kichwa. Furaha akauliza mara ya pili. Akasema maneno wazi, nami nimeyasikia: "Maua si bibaya. Biko bya wenyewe. Musinilalishe ku muto ya watu wengine."

Basi. Ama ya kwetu ama hakuna.

Alhamisi, 20 Juni

Nilienda sokoni kwa Mama Zawadi, nikamwomba msamaha kwa ajili ya siku ile. Akanigonga kiganja, akasema ameshasahau. Hajasahau, lakini ni mtu mwema. Nikamwomba tena: ikiwezekana, hata konzi moja. Hata matawi mawili. Nitayatia ndani ya pamba.

Akanitazama namna ambayo sikuipenda. Akasema kesho anakwenda Runingu, kuna wanawake wa upande wetu walioshuka juzi. Atawauliza.

Nimetembea kurudi badala ya kupanda pikipiki. Ndani yangu kulikuwa na kitu kama tumaini. Nakiandika ili nikumbuke jinsi kilivyofanana na homa.

Ijumaa, 21 Juni

Mama Zawadi amerudi. Hakuingia ndani. Ameniita nje, karibu na ukuta, ili Yaya asisikie.

Wale wanawake wanasema wenye bunduki wamepiga kambi juu kabisa, kwenye mgongo. Kiangazi hiki moto wao wa kupikia uliwatoroka. Majani yaliwaka, na vichaka. Mgongo wote, wanasema. Umekuwa mweusi. Wao walikuwa wakishuka huku wakiuona nyuma yao.

"Maua yale iko inashika moto sawa karatasi, Papa. Unajua mwenyewe."

Najua mwenyewe.

Nimejaribu kuwa mtu wa hesabu. Waliona wakiwa mbali. Wanasema mgongo wote. Mtu anayekimbia hupima kwa hofu. Mizizi mingine huchipua baada ya moto. Mbegu nyingine hubaki udongoni. Upande wa magharibi una mawe makubwa, na moto haushiki penye mawe. Haya yote ni kweli, na nimeyaandika moja baada ya jingine, na siyaamini.

Kundi lile lilivuka ukame na baridi, likavuka kurudi kwa msitu. Lilishuka, likapanda, likashuka tena, kabla hapajawa na mtu wa kulitazama. Halimo katika kitabu chochote ninachokijua. Hakuna aliyelichuma akalibandika kwenye karatasi na kuandika tarehe. Limekwisha, kama limekwisha, kwa sababu ya sufuria ya maharage.

Nina hasira.

Jumamosi, 22 Juni

Yaya ameuliza kama njia imefunguka. Nimesema bado imefungwa. Ni kweli.

Hakuuliza lingine. Nadhani alisikia sauti zetu ukutani. Au hakusikia. Alinishika kidole kimoja kama alivyokuwa akinishika tukishuka kisimani nikiwa mdogo, hakukiachia mpaka alipolala.

Jumatatu, 24 Juni

Pumzi.

Padri alikuja, akampaka mafuta. Furaha analia akiwa anapika. Mimi silii. Nasoma ukurasa uleule.

Jumanne, 25 Juni

Yaya Feza amefariki leo asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Furaha alikuwa anamlowesha midomo. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniita kwa jina la utoto.

Jumatano, 26 Juni

Tumemzika.

Wanawake wa kanisa walimwosha na kumvika. Mmoja akaona mto mweupe pembeni, mshono umepasuka, akauchukua auweke. Nikasema hapana. Akadhani sijaelewa. Akasema, "Mwalimu, kichwa ya mama haiwezi kubaki bure." Nikasema ndivyo alivyotaka. Walinong'ona. Mmoja akasema wazi kwamba wazee wa kiume hupoteza akili kwenye msiba. Furaha aliinamisha kichwa, hakunitetea, wala hakunipinga. Mwishowe alikunja kitenge kimoja cha mama yake, akakiweka chini ya kichwa. Kitenge cha dukani, cha kila siku.

Mama Zawadi alikuwepo. Aliona. Alinitazama kama nimemtukana mbele ya watu. Pengine nimemtukana. Maua yake yalikuwa mazuri, na alikwenda kuyatafuta yeye mwenyewe. Nimemnyima marehemu heshima ili nitimize neno lake. Sijui kama wafu hushukuru kwa mambo ya namna hiyo.

Shimo lilikuwa kavu. Mchanga wa huku ni mwepesi, unamwagika bila sauti. Kwetu udongo ni mweusi na hushikana. Ukiutupa kaburini unasikika.

Jumapili, 30 Juni

Furaha hasemi nami zaidi ya "karibu" na "maji iko tayari." Ana haki. Alitaka mama yake alale juu ya kitu alichokishona kwa mikono yake. Mimi nilikuwa na neno la marehemu, yeye alikuwa na sindano. Nikashinda. Ushindi wenyewe ni huu.

Nimejaribu kusoma. Maneno yanasimama. Nimefikiri kwamba ningesema ndiyo siku ile, yalishuka mpaka Uvira, yalikuwa hapa kando ya ziwa kabla yetu, angekubali mto wa njano. Angesema ni jamaa, angesema wamekwisha kukaa pamoja hapahapa. Neno moja. Mwanafunzi wa darasa la pili angejua kulisema.

Lakini si kweli. Hayakufika huku.

Alhamisi, 4 Julai

Mama Zawadi alikuja asubuhi kuchukua gunia lake. Magunia ni ghali, ananunua viazi kesho. Furaha alimtilia chai, nikasikia wanacheka kidogo jikoni, mara ya kwanza nyumba hii kucheka tangu msiba. Maua yaliyobaki alikuwa ameyamwaga uani juu ya mkeka, yamejaa pale, ya njano vilevile, kuku wanayaparua wanayaacha.

Kisha akaja akakaa karibu nami. Akaniuliza, bila utani, maana yeye ni mtu wa kupanga mambo mapema:

"Na weye Mwalimu, siku yako ikifika, nikuletee ya wapi?"

Nikamjibu: ya popote.

Alinitazama kuona kama natania. Sikuwa natania. Anayejua tofauti ni mimi, na siku hiyo nitakuwa nimelala juu yake.

Akasema atakumbuka. Alikunja gunia, akaenda sokoni.

Upepo wa kusini umeanza, ziwa limechafuka mpaka mbali. Nimeanua nguo kabla hazijaingia vumbi. Furaha amenikaribisha chakula, na safari hii amekaa nami.